Kompyuta Iliyokosa pa Kupumulia

Laurenti Likwata alikuwa na kompyuta moja tu, lakini ukimsikia akiizungumzia ungedhani ana kiwanda. Ilikaa kwenye kona ya studio yake pale Kilwa Masoko, mahali ambapo anayeingia mlangoni hawezi kukosa kuiona: kasha jeusi refu, kioo mbele, kioo ubavuni, na ndani mataa yanayogeuka rangi, bluu, zambarau, nyekundu, tena bluu. Kasha lile alilinunua Kariakoo, akalipakata kwenye basi hadi Kilwa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. Dukani kulikuwa na makasha mengine yenye uso wa matundumatundu, na muuzaji alimshauri achukue moja la hayo kwa sababu yanapitisha hewa. Laurenti alimtazama yule kijana kwa huruma. Aweke kung'uto la kuchujia nazi mbele ya wateja?

"Nipe la kioo," alisema.

Nje ya studio alitundika kibao alichokiandika mwenyewe: LIKWATA DIGITALI. HARUSI, KIPAIMARA, PICHA ZA PASPOTI NA UFUNDI WA KOMPYUTA ZA AINA ZOTE. Hapo kwenye aina zote ndipo mkewe, Romana, alipomtania kila siku, kwa sababu aina alizowahi kuzigusa zilikuwa mbili, yake hiyo na ya ofisi ya parokia, na ya parokia haikuwaka tena baada ya kuguswa. Kuhusu hii yake, aliwaambia watu kwamba ameiunda kwa mikono yake. Ni kweli aliiunda. Aliiunda huku akitazama video kwenye simu, na alipomaliza, skrubu kadhaa zilibaki. Akazitia kwenye kikombe akasema hizo ni za akiba.

Mwaka ule, jua la Januari likiwa limeikalia Masoko barabara, ikaja harusi ya Sauda.

Sauda alikuwa binti wa Mzee Abilahi wa Kikole, mkulima aliyekuwa pia na kibanda cha kuonyesha mpira kijijini. Aliolewa na Ibrahimu, kijana mwenye kazi Mwanza, na harusi ikafanyika Masoko nyumbani kwa shangazi yake. Watu wote walikuja isipokuwa mmoja. Bibi yake, Bi Somoe, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa ameanguka kisimani na kuumia nyonga, na gari lolote lililojaribu kumpakia lilimtoa machozi kabla halijawashwa. Akawaambia wamwache. "Nendeni mkaoze," alisema. "Mimi mtaniletea harusi hapa hapa niione."

Kwa hiyo, siku chache baada ya harusi, Sauda alikwenda studio.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, bibi harusi. Karibu, kaa."

"Mjomba, mimi na mume wangu tunaondoka Jumatatu. Bibi nimemwahidi tutaitazama naye kabla sijaondoka. Nikishafika Mwanza, sijui nitarudi lini, na yeye ndiyo hivyo tena. Itakuwa tayari?"

Laurenti aligeuza kiti kuelekea kwenye kona, akayaacha mataa yajibu kwanza. Kisha akapigapiga kasha kwa kiganja kama mtu anayemsifia ng'ombe wake mnadani.

"Mwanangu, mashine hii ni jini. Kungoja Jumatatu ya nini? Njoo keshokutwa."

Angejua, angesema mwezi.

Shida ilikuwa kwamba harusi hiyo aliipiga kwa kamera mpya, yenye picha safi lakini nzito, na joto la msimu lilikuwa la kupasua ukuta. Alivikata vipande vyake vizuri, akavipanga, akaweka maua yanayodondoka kila maharusi wanapotazamana. Ikabaki kazi ya mwisho, ile ya kuviunganisha vyote viwe filamu moja, ambayo wenyewe huiita kurenda. Hapo ndipo kompyuta hutoa jasho. Alibonyeza, akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta skrini nyeusi, mataa yamezimika, na harufu kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Akawasha upya, akabonyeza tena, na safari hii akakaa kuitazama. Kulikuwa na kidirisha kidogo kwenye skrini kinachoonyesha joto la ndani. Namba ilipanda sabini, themanini, tisini, ikaendelea kupanda kama homa ya malaria, halafu puu, giza.

"Imechemka," alijiambia. Alifurahi kidogo, kwa sababu angalau ugonjwa ameujua. Tiba nayo aliiona nyepesi kabisa. Moto huondolewa na upepo, upepo huletwa na feni, basi tatizo ni uchache wa feni. Hoja hiyo ilimpendeza sana hata akamrudia nayo Romana mara ya pili, ingawa Romana alikuwa ameshaisikia.

Alifukua stoo. Akatoa feni kutoka kwenye kompyuta zote zilizokufa alizoletewa na asithubutu kuzigusa, akaenda na parokiani kwa katibu, dada Flora, akaomba zile za kompyuta aliyoimaliza yeye mwenyewe. Flora alimpa, ila alimwangalia kwa jicho la mtu anayemwona mwuaji akija kuomba nguo za maiti. Laurenti akazifunga kila palipokuwa na tundu, nyuma, juu, chini. Mahali pasipo na tundu akatoboa. Na zote, bila kubakiza hata moja, alizielekeza zivute hewa kuingia ndani, maana aliona ni upuuzi mtu kutafuta upepo kwa shida halafu aweke feni ya kuutoa nje.

Alipowasha, studio ilinguruma. Picha za paspoti zilizokuwa mezani zilipeperuka zikaenda kujibandika nyuma ya kasha, nyuso za watu wa Masoko zimekodoa macho ukutani.

Romana alikuja kutoka chumba cha nyuma alikokuwa akishona. "Baba Witness," alisema, "hiyo inaruka saa ngapi?"

"Subiri uone kazi."

Wakasubiri. Kompyuta ikazimika mapema kuliko mara ya kwanza.

Mtu mwingine angekaa akajiuliza. Laurenti hakuwa na desturi hiyo. Alichukua beseni, akaenda sokoni kwa wauza samaki, akarudi na barafu, akaliweka beseni mbele ya kile kioo kizuri na nyuma ya beseni akasimamisha feni kubwa ya nyumbani. Baridi ikajaa chumbani. Kioo kikaloa umande, hata akalazimika kukifuta kwa shati asije akaiua mashine kwa maji baada ya kushindwa kuiua kwa moto. Lakini barafu ile ilikuwa imelala na samaki tangu asubuhi, na haikuchukua muda studio ikanuka changu na kibua. Mama mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akauliza leo wameshusha samaki gani.

Kompyuta ikazimika na barafu yake mbele.

Siku ya ahadi ikafika, Sauda akapiga simu. Laurenti alikuwa na nafasi nzuri ya kusema ukweli, wala ukweli wenyewe haukuwa mrefu. Lakini alikitazama kile kibao chake kupitia dirishani, akaona maneno aina zote, akasikia mdomo wake ukisema:

"Mwanangu, umeme."

"Unakatika, mjomba? Mbona shangazi anasema Masoko upo?"

"Haukatiki. Ila hautulii. Unapanda, unashuka, unapanda. Mashine kama hii haitaki umeme wa kuyumba. Ingekuwa na umeme uliotulia, hata leo ungeondoka nayo."

Alipokata simu alijisikia mwepesi. Uongo ule alijivunia kwa jinsi ulivyokaa kitaalamu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo hakuiona: ulikuwa uongo wenye dawa.

Siku ya Jumamosi, mchana, pikipiki ya miguu mitatu ilisimama mbele ya studio. Juu ya mzigo, mguu huku na mguu huku, alikuwa amekaa Mzee Abilahi, kanzu imegeuka rangi ya udongo, kofia kaishikilia kwa mkono. Kando yake Sauda kajifunika mtandio kwa vumbi. Na mzigo wenyewe ulikuwa jenereta.

"Shikamoo, mzee," Laurenti alisema, na sauti yake ikawa ndogo kuliko alivyokusudia.

"Marahaba. Nimesikia umeme wa mjini hautulii." Mzee Abilahi alishuka taratibu, akaunyoosha mgongo. "Hili ni la kibanda changu. Halijawahi kuyumba tangu nilinunue. Tushushe."

Laurenti alisaidia kulishusha. Alisaidia kulisukuma hadi chini ya dirisha. Alipitisha waya yeye mwenyewe, akiomba moyoni wapate hitilafu yoyote, tangi livuje, kamba ikatike. Jenereta likawaka kwa mvuto wa kwanza, likatulia, likanguruma sauti moja kama mtu anayesoma uradi. Mzee Abilahi akataka iwekwe na taa kwenye waya ule ule ili waone utulivu wake. Ikawekwa.

Sauda alikaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Romana alisimama mlangoni na sindano mdomoni. Laurenti akabonyeza. Ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi inavyokwenda ukaanza kutambaa. Sauda akatabasamu. Mstari ukatambaa, feni zikapiga kelele, picha za paspoti zikajibandika mahali pake, na kabla mstari haujafika hata robo, puu.

Nje jenereta likaendelea na uradi wake.

Mzee Abilahi aliitazama taa. Akaitazama kompyuta. Halafu akamtazama Laurenti.

"Taa inawaka," alisema.

"Inawaka, mzee."

"Haijapepesa."

"Haijapepesa, mzee."

"Kwa hiyo umeme upo."

Laurenti alikuwa na jibu. Sentensi kuhusu petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilishafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini aligeuka akamwona Sauda. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anakunja kona ya mtandio wake, anaikunjua, anaikunja tena, kama mtu anayejiandaa namna ya kumwambia mtu mwingine habari mbaya.

"Mzee," Laurenti alisema, "siyo umeme. Haijawahi kuwa umeme. Inachemka. Nimeweka feni, nimeweka barafu, inachemka tu. Sijui kwa nini."

Neno sijui lilikuwa halijawahi kutamkwa na mwenye studio ndani ya studio ile. Romana alitoa sindano mdomoni.

Mzee Abilahi alikaa kwenye benchi kando ya binti yake. Alisema polepole, bila kugomba, jambo ambalo lilimuumiza Laurenti zaidi. "Leo jioni ni mechi ya watani. Kikole nzima wamekuja kibandani kwangu tangu saa sita kushika nafasi. Nikawaambia jenereta naenda nalo Masoko, kwa ajili ya mama. Wakasema nenda, mzee, Bi Somoe ni bibi yetu sote. Sasa wamekaa mbele ya televisheni nyeusi."

"Mzee, nisamehe."

"Nikusamehe, halafu nirudi na nini? Mimi sirudi bila filamu. Wale vijana watanila. Endelea, tutakaa."

Endelea. Laurenti hakuwa na cha kuendelea nacho. Alikaa sakafuni mbele ya mashine yake, miguu kainyoosha. Jioni ikaanza kuingia, mbu nao wakaingia kwa dirisha lililopitishiwa waya. Romana akawasha dawa ya mbu, ile ya kijani iliyojikunja kama konokono, akaiweka sakafuni karibu na mume wake, akasema angalau asife na malaria juu.

Laurenti alikuwa amewasha kompyuta bila kuipa kazi, kwa mazoea tu. Akawa anautazama moshi kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama. Uzi mweupe ulipanda kutoka kwenye dawa, ukaelekea kwenye kioo cha mbele, ukakigonga, ukapanda nacho hadi juu, ukaenda zake darini. Haukuingia hata kidogo. Alitazama vile kwa muda mrefu kabla hajaelewa anachokitazama. Zile feni mbili za mbele, nyuma ya kioo, zenye mataa mazuri kupita zote, zilikuwa zinazunguka kwa kasi na kuvuta kioo.

Akaichukua dawa ya mbu kwa kisahani chake, akainuka, akaipeleka nyuma ya kasha. Huko moshi ulifyonzwa ndani mara moja, lakini pamoja nao ilifyonzwa ile hewa ya moto iliyokuwa ikitemwa na kisanduku cha umeme cha mashine yenyewe hapo hapo kando, ikagonga ukuta na kurudi. Mashine ilikuwa inakula mvuke wake yenyewe. Akaipeleka juu. Juu kulikuwa na kitambaa cha kufuma alichokitandika Romana kwa urembo, nacho kilikuwa kimevutwa na feni kikaziba matundu yote kama kiganja kwenye mdomo. Akaipeleka ubavuni, chini, tena nyuma, akizunguka na kisahani chake na moshi ukimfuata.

Kwa Mkatoliki, alionekana kama padre anayefukiza altare. Kwa Mzee Abilahi alionekana vingine.

"Astaghfirullahi. Laurenti, ndiyo umefika huko? Unaizingua kompyuta kama mganga?"

"Hapana, mzee. Natafuta hewa inatokea wapi."

"Na inatokea wapi?"

Laurenti alisimama. Aliizungukia mashine mara nyingine, akihesabu moyoni feni alizozifunga kwa jasho lake, na kila feni ilikuwa inaingiza, inaingiza, inaingiza.

"Haitokei," alisema. "Sikuweka hata moja ya kuitoa." Akaanza kucheka. Alicheka akiwa amekishika kisahani, majivu ya dawa yakimdondokea miguuni. "Mzee, nimejenga nyumba ya milango ya kuingilia mitupu. Halafu mlango mkubwa wa mbele nimeutia kioo."

"Na kitambaa changu juu," Romana alisema, akakishika kichwa.

Akaichomoa mashine, akaifungua kuanzia mwanzo. Kioo cha mbele alianza kukitoa kwa upole, kikagoma, akakitoa kwa nguvu, vishikizo vikakatika na yeye hakujali. Ndani alikuta mambo ya aibu. Lile bati lenye mbavu nyembamba linalokaa juu ya moyo wa kompyuta kuchukua joto lake lilikuwa limevaa vumbi la Masoko lililolowa chumvi ya baharini, nene kama blanketi la mgeni. Mwenye duka la ufundi wa aina zote hakuwahi kulifuta tangu alinunue. Waya zilijazana mbele ya feni kama tambi. Alisafisha kwa brashi ya rangi, akapuliza kwa mdomo hadi akaona nyota. Waya akazifunga pembeni kwa vipande vya kitenge alivyokatiwa na Romana. Kisha akazishika feni, na ndipo, kwenye ukingo wa ile ya kwanza, akaona mshale mdogo uliochongwa kwenye plastiki.

Mshale huo aliwahi kuuona mara nyingi. Alidhani ni urembo.

"Unaonyesha hewa inakoelekea," aliwaambia, na akaona afadhali amalize kabisa. "Zote zina mshale. Zimekuwa zikiniambia muda wote huu."

Mzee Abilahi alijikuna ndevu akificha tabasamu.

Feni nyingi alizitupa kwenye beseni. Akabakiza mbili za mbele zikivuta kuingia, moja ya nyuma na moja ya juu zikisukuma kutoka, kwa kuwa hata yeye sasa alishaelewa kwamba moto hupanda. Matundu aliyoyatoboa pasipostahili akayaziba kwa karatasi yenye gundi, hewa isije ikapita njia ya panya. Mbele, mahali pa kile kioo, akabana kipande cha chandarua cha zamani kilichofuliwa kizuie vumbi. Akaisogeza meza mbali na ukuta. Romana akakichukua kitambaa chake kimyakimya akakitia mfukoni.

Mashine sasa ilikuwa mbaya kuitazama, mdomo wazi kama mzee asiye na meno, imevaa chandarua. Mataa mengi yalifichwa na chandarua. Laurenti akaichomeka kwenye jenereta, akabonyeza, akarudi nyuma hatua kadhaa kama mtu aliyewasha fataki.

Mstari wa kijani ukatambaa. Namba ya joto ikapanda sitini, ikapanda sabini, ikasogea kidogo mbele, ikasimama. Ikarudi nyuma. Ikasimama. Feni hazikunguruma tena, zilivuma kidogo tu, hata wakaweza kusikia adhana ya magharibi kutoka msikitini juu ya sauti ya jenereta. Laurenti aliweka mkono nyuma ya kasha na kuuacha hapo.

"Inatoka!" alipiga kelele. "Mama Witness, njoo, inatoka!"

Romana akaweka mkono. Sauda akaweka mkono. Mzee Abilahi, aliyekuwa amesimama kwenda kuswali, alirudi akaweka wake pia, na ule upepo wa joto ukamgonga kiganjani kama pumzi ya mtu aliyetoka kukimbia.

"Alhamdulillahi," alisema. "Imepumua. Haya, nikirudi nisikute umeongeza kitu."

Aliporudi, hakikuwa kimeongezwa kitu, na filamu ilikuwa tayari.

Kesho yake walikwenda Kikole wote, jenereta, Sauda na Ibrahimu wake, Mzee Abilahi, na Laurenti, ambaye hakualikwa hasa, ila aliona haya kubaki. Vijana walikuwa wamekaa nje ya kibanda. Mmoja akamnyooshea kidole kabla hajashuka. "Ndiye huyu wa umeme hautulii?" Habari zilikuwa zimemtangulia. Ilibidi asalimie mmoja mmoja, na kila mmoja alimtajia bao alilolikosa, lilivyofungwa na dakika gani, kama watu wanaotoa pole kwa mfiwa, isipokuwa hapa wafiwa walikuwa wao.

Bi Somoe aliletwa na kitanda chake cha kamba, kikabebwa na vijana wanne, kikawekwa mbele ya televisheni pale penye nafasi bora. Sauda alikaa ukingoni mwa kitanda. Laurenti akachomeka, akabonyeza, akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa usalama.

Bi Somoe aliitazama harusi kama mtu aliye ndani yake. Aliwaitikia salamu watu wa kwenye skrini. Aliuliza kwa nini shangazi wa Nangurukuru hakuvaa sare. Ibrahimu alipotokea na joho lake, bibi alimgeukia yule wa kweli. "Mume wangu, mbona kwenye televisheni mnene, hapa mwembamba? Mke mwenzangu hakulishi?" Kibanda kizima kikacheka.

Kisha ikaja sehemu ya Sauda kutolewa chumbani. Laurenti akainamisha kichwa, maana hapo alijua kuna kosa. Bibi harusi hakutazama kamera hata mara moja. Alitazama mlangoni, akatazamishwa mbele, akatazama tena mlangoni. Laurenti alikuwa amekusudia kuikata sehemu ile na kuweka maua yanayodondoka, lakini jana kompyuta ilipoanza kwenda vizuri, aliogopa kugusa kitu chochote.



"Ulikuwa unamtazama nani mlangoni?" Bi Somoe aliuliza.

Sauda aliinama akaweka uso wake kwenye bega la bibi yake, na bibi akampapasa mgongo huku macho yake yakiwa bado kwenye skrini, ambako yule Sauda mwingine aligeuka tena kuangalia kama kuna mtu anaingia.

"Nimeshakuja," Bi Somoe alimwambia yule wa kwenye skrini. "Haya, tazama mbele sasa."

Baada ya muda aliita, "Mpiga picha yuko wapi?"

Watu wakamsukuma Laurenti mbele. "Nipo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hapo umefanya kazi kubwa. Wengine wangeikata sehemu hiyo."

Laurenti Likwata, aliyeunda kompyuta kwa mikono yake, alifungua kinywa kupokea sifa kama alivyozoea, halafu akakifunga, halafu akakifungua tena.

"Hapo sikufanya kitu, bibi. Wallahi hapo ndipo sikufanya kitu kabisa."

Bi Somoe akamgeukia mwanawe. "Abilahi, kijana huyu ana adabu. Umemtoa wapi?"

Mzee Abilahi alikohoa kwa muda mrefu, mgongo umewageukia watu.

Filamu ilipokwisha bibi akaamuru ianzishwe upya, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa akitafuta watu na hakuiona harusi yenyewe. Ikaanzishwa. Walipofika kwenye pilau, jenereta likakohoa, likakohoa tena, likazima, na kibanda chote, kuanzia wazee hadi wanawake waliosimama madirishani, kikageuza shingo kumwangalia Laurenti.

"Safari hii ni petroli kweli," alisema. "Nipeni dumu, nitaifuata."

Wakampa dumu, na kijana mwenye bodaboda akawasha, akamwambia apande haraka kabla bibi hajasinzia.